Taa ya kichwani: kuichagua, kuivaa na kuitumia, mlimani na umeme ukikatika

Anayekwenda kilele cha Kilimanjaro huondoka kambini karibu saa sita usiku. Iwe ni kutoka Barafu au Kibo, kambi zilizo mita 4,700 hivi juu ya usawa wa bahari, atapanda gizani mpaka jua lichomoze karibu saa kumi na mbili na nusu. Muda wote huo mikono yake ina kazi: fimbo mbili za kutembelea, chupa ya maji, zipu ya koti, kamba za viatu, pua inayochuruzika. Tochi ya mkononi haina nafasi hapo. Ya simu ndiyo kabisa, kwa sababu baridi humaliza chaji upesi, na simu hiyohiyo ndiyo ya kuombea msaada.

Nimeuchukua usiku wa kileleni kuwa mfano kwa kuwa ndipo taa inapopimwa kwelikweli. Taa iliyokufikisha Stella Point au Gilman's Point, vituo vya ukingoni mwa kreta ya Kibo, itakufaa pia umeme ukikatika, gari likipata pancha porini, au mgonjwa akihitaji kuhudumiwa usiku. Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia kwa njia mbalimbali: watu hununua mwanga mkali, ilhali wanachohitaji ni mwanga mdogo unaodumu.

Hatua ya 1: Chagua kwa kazi, usichague kwa namba ya kwenye boksi

Mwanga wa taa hupimwa kwa lumeni. Balbu ya kawaida ya gari, ile ya H4, hutoa lumeni 1,000 hivi dereva akiwa kwenye dimu. Kwa hiyo taa ndogo ya kichwani iliyoandikwa lumeni 50,000 inakudanganya mchana kweupe, na muuzaji aliyeandika hivyo huenda amekudanganya kwenye betri pia.

Kwa kazi halisi, lumeni 10 hadi 30 zinatosha kupika, kusoma au kupanga mzigo ndani ya hema. Njia inayoeleweka huhitaji kama 50. Mwinuko wa mawe na changarawe, kama ule wa juu ya Barafu, 100 zinatosha. Kuanzia 200 kwenda juu ni mwanga wa kutafutia: njia iliyopotea, mtu aliyeachwa nyuma, mbuzi ambaye hakurudi zizini. Unauwasha kwa dakika chache, kisha unarudi chini.

Soma na muda wa kuwaka, ila uusome kwa tahadhari. Kampuni nyingi hufuata ANSI FL1, kipimo cha Marekani cha tochi na taa za kichwani, na kipimo hicho huhesabu muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Ukiona "lumeni 300, saa 6", usidhani utatembea saa sita ukiwa na lumeni 300. Saa ya mwisho huenda ukawa na 30.

Kuhusu maji, alama ya IPX4 ina maana taa inahimili mvua na maji yanayorukia. IPX7 inahimili kuzama mita moja kwa dakika 30. Mlimani ya kwanza inatosha. Mvuvi, au yeyote anayepanda boti usiku kwenda Mafia au Pemba, achukue ya pili.

Kabla hujalipa, fanya jaribio hili dukani: vaa glovu nene, fumba macho, kisha washa, punguza mwanga na zima. Ukihangaika pale dukani penye joto, mlimani utahangaika mara mbili. Hakikisha kichwa cha taa kinainama kuelekea chini na kinabaki pale ulipokiacha, kuna mwanga mwekundu, na swichi ina namna ya kufungwa ili isijiwashe ndani ya begi. Uzito na rangi ya mkanda ni mambo ya baadaye.

Hatua ya 2: Betri, maana hapa ndipo watu hukwama

Taa nyingi hutumia betri tatu za AAA, zile tunazoziita za rimoti. Betri tatu mpya za alkali zikiwa kwenye joto la kawaida zina nguvu ya kutoa lumeni 100 halisi kwa saa tatu au nne hivi. Safari ya kwenda kileleni ni saa sita na zaidi. Tayari hesabu haikubali, na hatujataja baridi bado.

Baridi ni adui wa betri za alkali. Karibu na kilele joto huweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, au zaidi upepo ukivuma. Kadiri betri inavyopoa ndivyo kemikali zake zinavyofanya kazi polepole, na betri iliyokuwa nzima jioni huonekana imekwisha usiku. Mara nyingi haijaisha. Ipashe joto kwapani kwa dakika kumi, nayo itaamka kwa muda. Lakini huwezi kupanda mlima ukiwa na betri kwapani, kwa hiyo jiandae mapema hivi:

Nunua betri za lithiamu za kutupwa, zenye volti 1.5. Ni ghali kuliko za alkali, ila ni nyepesi na nyingine hufanya kazi hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Soma kwanza karatasi ya taa yako, kwa kuwa zipo taa ambazo watengenezaji hawaruhusu betri hizo. Kama taa yako ni ya kuchaji kwa USB, ichaji hadi ijae kabla ya kupanda na upime nyumbani inadumu kwa muda gani kwenye mwanga wa kati. Iwashe jioni, iache mezani, angalia saa. Jibu utakalopata litakufaa kuliko lolote lililoandikwa kwenye boksi. Na betri ya lithiamu ya kuchaji iliyopoa kama barafu usiichomeke kwenye pawabenki papo hapo, maana kuchaji chini ya nyuzi sifuri huiharibu kabisa. Iache ipate joto kwanza.

Usiku wa kuamkia safari ya kileleni, lala na taa na betri za akiba ndani ya slipingi begi. Ukiondoka, akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, si kwenye begi la mgongoni.

Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti ndani ya taa moja. Ile dhaifu itazivuta nyingine chini na huenda ikavuja.

Kuhusu akiba yenyewe, ushauri wangu ni kubeba taa ya pili ndogo pamoja na hizo betri. Fikiria: mwanga umezimika, upepo unavuma, vidole vimekufa ganzi, nawe unatakiwa kufungua kifuniko kidogo, utoe betri tatu, uingize nyingine tatu bila kukosea chanya na hasi. Kazi hiyo inataka mwanga, na mwanga ndio huo umezimika. Hata taa ya bei nafuu shingoni itakuokoa. Kama huna ya pili, jizoeze nyumbani kubadili betri macho yakiwa yamefumbwa mpaka vidole vizoee.

Hatua ya 3: Ivae vizuri

Mkanda upite juu ya boshori, usiwe chini yake, ili uweze kuivua taa bila kuvua kofia. Aliyevaa ushungi au kilemba avae vivyo hivyo, juu ya kitambaa, na taa ikae katikati ya paji la uso. Mwenye rasta au nywele nyingi achague taa yenye mkanda wa pili unaopita utosini, la sivyo itakuwa inateleza nyuma kila hatua. Kofia yenye ukingo wa mbele igeuze nyuma, kwa kuwa ukingo huzuia mwanga usifike miguuni na kuurudisha machoni mwako.

Kaza mkanda kiasi cha taa kutotikisika unapotikisa kichwa, basi. Mlimani kichwa huuma kwa sababu ya uhaba wa oksijeni, na mkanda uliokaza sana huongeza maumivu na kukuchanganya usijue chanzo ni nini. Ukihisi kichwa kinauma, legeza mkanda. Kikiendelea, mwambie kiongozi wako, usinyamaze.

Hatua ya 4: Tembea kwa mwanga mdogo

Elekeza mwanga hatua mbili tatu mbele ya viatu, si mbali. Anza na mwanga wa chini kabisa unaokuwezesha kuona jiwe kabla hujalikanyaga, na uongeze pale tu njia inapokuwa mbaya.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni betri. Ya pili ni macho yako. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mkali wa sekunde chache hufuta mazoea hayo yote. Mwanga mwekundu hauyaharibu sana, ndiyo maana taa nzuri huwa nao. Utumie kambini, kwenye hema la pamoja, au unapotoka kwenda chooni bila kuwaamsha wenzako. Mbalamwezi ikiwa kamili na anga ni jeupe, unaweza hata kuzima taa sehemu za njia zilizo tambarare, na kuna watu hupanga safari yao kwa kufuata mwezi mpevu kwa sababu hiyohiyo.

Mnapopanda kwa mstari, mwanga wa mtu wa nyuma hukutupia kivuli chako mwenyewe mbele ya miguu, pale unapotaka kukanyaga. Hili huwasumbua sana watu siku za msongamano, hasa karibu na tarehe 9 Desemba, Watanzania wengi wanapopanda kukumbuka usiku ule wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipousimika mwenge na bendera kileleni. Dawa yake ni rahisi: kila mmoja ainamishe taa yake mpaka mwanga uangukie visigino vya aliye mbele, usipande juu ya magoti. Ukigeuka kuongea na mtu, funika taa kwa kiganja au ishushe. Kummulika mwenzako usoni usiku ni kumpofusha kwa dakika kadhaa, kwenye njia ambayo kosa la hatua moja linaweza kumvunja mguu.

Mwanga wa kichwani una udhaifu wake. Unatoka karibu sana na macho, kwa hiyo vivuli hujificha nyuma ya vitu na ardhi huonekana bapa. Shimo dogo na jiwe lililochomoza huwa kitu kimoja. Ukifika mahali pasipoeleweka, vua taa, ishike usawa wa kiuno na umulike mbele. Vivuli vitajitokeza, nawe utaona mabonde na matuta.

Fanya vivyo hivyo kwenye ukungu, jambo la kawaida msituni upande wa Machame, au kwenye vumbi. Matone ya ukungu huurudisha mwanga moja kwa moja machoni, na ukiongeza nguvu ndiyo unazidi kuona ukuta mweupe, kama dereva aliyewasha fulu ndani ya wingu. Punguza mwanga, shusha taa kiunoni.

Hatua ya 5: Angalia nani mwingine yuko njiani

Mita 4,700 huna haja ya kuogopa nyoka. Nyumbani, shambani na porini ndiko mahali pake. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, hutembea zaidi usiku, na akisikia mtu anakuja mara nyingi hakimbii: hutulia palepale akitegemea rangi yake inayofanana na majani makavu. Watu humkanyaga. Mwanga mweupe wa kati mbele ya miguu, viatu vilivyofunika kisigino na kifundo, na mwendo usio wa haraka ndiyo kinga. Mwanga mwekundu usiutegemee hapa, hauonyeshi tofauti za rangi vizuri.

Faida moja ya taa kukaa karibu na macho ni kwamba inaonyesha macho ya wanyama. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, na kwa kuwa mwanga hurudi ulikotoka, aliyevaa taa kichwani huuona kuliko aliyeshika tochi mkononi. Ukiwa kwenye kambi ya hifadhini, kabla hujatoka hemani fungua zipu kidogo, mulika kwa mwanga mkali huku na huku polepole. Ukiona jozi za macho, rudi ndani, mwite askari wa hifadhi. Kando ya ziwa au mto ukumbuke kiboko, anayetoka majini usiku kwenda kula nyasi; usisimame katikati yake na maji.

Na barabarani: tembea upande wa kulia, magari yakija usoni pako, na uinamishe taa yanapokaribia. Dereva aliyepofushwa hakuoni hata kama unang'aa.

Hatua ya 6: Umeme ukikatika

Taa ya dharura iwe na mahali pake pamoja tu, ambapo kila mtu nyumbani anapajua na anaweza kupafikia kwa kupapasa. Msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala unatosha. Taa iliyo kabatini chini ya nguo si ya dharura.

Faida ya kwanza ni kuachana na kibatari na mshumaa, hasa palipo na watoto na neti za mbu. Kuangaza chumba kizima, elekeza taa kwenye dari nyeupe, au ifunge kwenye dumu linalopitisha mwanga lililojaa maji, kioo cha taa kikitazama ndani. Maji yatausambaza mwanga, nao utakuwa laini wa kutosha familia kula.

Ukisikia harufu ya gesi ya kupikia, usiwashe taa hiyo wala swichi yoyote. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na cheche ndogo ya swichi inatosha. Fungua milango na madirisha, toa watu nje, na taa iwashwe mkiwa mbali. Sheria hiyohiyo ni ya petroli: anayemimina mafuta kwenye pikipiki au jenereta gizani awashe taa kabla hajafungua kopo, akiwa hatua kadhaa pembeni. Jenereta yenyewe isiwekwe ndani wala barazani, kwa sababu hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi.

Penye jeraha ndipo taa hii inapolipa gharama zake zote. Mikono miwili inakandamiza kidonda, macho yanaona, hakuna anayehitaji kusimama ameshika simu. Tumia mwanga mweupe daima. Chini ya mwanga mwekundu damu haionekani, na unaweza kukosa kidonda kinachovuja. Wakunga na wauguzi wa vituo vya vijijini wanalijua hili: daktari wa Marekani Laura Stachel alipobuni sanduku la umeme wa jua la Solar Suitcase kwa ajili ya wodi za uzazi zisizo na umeme, ndani yake kuliwekwa pia taa za kichwani za kuchaji. Kama mnasafiri na mjamzito aliyekaribia, au mnaishi mbali na kituo, iweke moja ndani ya begi la kujifungulia, betri zikiwa pembeni.

Hatua ya 7: Kuomba msaada kwa mwanga

Simu ikigoma, tumia ishara ya milimani. Mulika mara sita ndani ya dakika moja, yaani kila sekunde kumi mara moja, kisha tulia dakika nzima, uanze tena. Anayekujibu humulika mara tatu kwa dakika. Ukiona hiyo tatu, endelea kuashiria mpaka wakufikie, kwa sababu wataupoteza uelekeo ukinyamaza.

Ishara ya SOS nayo inaeleweka kote: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu. Taa nyingi zina mwanga wa kuwaka na kuzima wenyewe, nao huonekana mbali na hula betri kidogo kuliko mwanga unaowaka mfululizo. Uelekeze upande wanakoweza kuwa watu, si juu angani. Mjini, kama simu inafanya kazi, zimamoto Tanzania ni 114.

Hatua ya 8: Itunze ikae tayari

Kila mwanzo wa mwezi iwashe kwa dakika moja. Kama inakaa muda mrefu bila kutumika, toa betri uzifunge pamoja nayo kwenye mfuko mmoja, au weka kipande cha plastiki ngumu kati ya betri na bati lake. Swichi za kielektroniki hunyonya umeme kidogo kidogo hata taa ikiwa imezimwa, na betri ya alkali iliyokwisha huvuja. Ukikuta unga mweupe ndani, usiuguse kwa kidole kitupu. Chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, futa mabati, kausha kwa kitambaa, subiri ndani pakauke kabisa ndipo uweke betri mpya.

Mkanda ufue kwa sabuni ya kawaida, maana jasho na chumvi huulegeza. Kioo kifute kwa kitambaa laini.

Betri zilizokwisha usizitupe motoni wala kwenye shimo la takataka linalochomwa. Za lithiamu hulipuka. Za akiba zisikae mfuko mmoja na funguo au sarafu, kwa sababu chuma kikigusa ncha zote mbili kinaweza kuwasha moto. Ukisafiri kwa ndege, betri za lithiamu za akiba ziwe kwenye begi la mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake kwa solotepu.